Des Nyuma ya Akina Pargeter

14 Plover Street,
Accrington,
Lancashire.

Jumapili, 10 Oktoba 1965

Mpendwa kaka Clifford,

Salamu tele zikufikie hapo Geelong, wewe na wifi yangu Beryl, na huyo Stuart ambaye shangazi yake hajapata kumbeba hata siku moja. Hamjambo nyote? Yale mafua ya Beryl yamekwisha? Picha mliyotuma imesimama kwenye rafu juu ya meko, na kila anayeingia Mama humshika mkono ampeleke kuitazama, hata yule mleta makaa.

Sisi huku wazima. Kifua cha Mama kimetulia. Baba mgongo unamsumbua lakini ukimuuliza atakwambia mgongo ni wake. Mvua inanyesha, ila hilo sina haja ya kukuandikia.

Sasa kaa chini, kaka. Kama umeshika kikombe, kiweke mezani. Mdogo wako Des anakuja Australia. Hahami kama ninyi, anakuja kupiga muziki, mwezi ujao, Melbourne, na atakaowapigia ni akina Pargeter. Ndiyo, hao hao waimbaji wa redioni. Mweleze Beryl polepole, asije akamwamsha mtoto kwa kelele.

Barua yangu ya mwisho ilimwacha Des kwenye chumba cha kutia nguo rangi pale kiwandani, mikono ya buluu mpaka viwikoni, basi acha nianzie hapo. Mwezi wa Julai mpiga besi wa akina Pargeter aliteleza kwenye ngazi za hoteli akavunjika mkono, nao walikuwa na onyesho Blackpool kesho yake. Mtu mmoja aliyewahi kumsikia Des kwenye dansi za Jumamosi akamtaja. Des akapanda basi na gitaa lake la besi ndani ya mfuko ambao Mama alimshonea kwa pazia kuukuu la chumbani. Alikwenda kupiga siku moja. Wakamwambia abaki wiki, na wiki ikazaa wiki.

Mimi nilidhani sasa tumekuwa watu wakubwa. Wapi! Akina Pargeter ni watatu tu, Ronnie, Keith na mdogo wao Lance, na hao ndio wenye sura magazetini. Des, mpiga ngoma na mpiga kinanda husimama nyuma na suti za kijivu zilizochaguliwa ili zisionekane. Meneja wao, Bwana Lomax, huchora mstari wa chaki jukwaani kabla ya kila onyesho, na ole wake mpigaji wa nyuma atakayeuvuka.

Walipotokea kwenye televisheni tulijazana kwa Bi Entwistle jirani, wengine wamekaa kwenye ngazi na sahani za chipsi magotini. Tulichobahatika kukiona cha Des ni kiwiko cha kushoto. Mama alisimama akakigusa kwenye kioo. Bi Entwistle akasema ni kiwiko kizuri, kinaonyesha kimetoka kwenye nyumba yenye chakula.

Na wasichana wanaongoja kwenye mlango wa nyuma, usidhani wanamngoja yeye. Humpa vijikaratasi ampelekee Keith. Mmoja kule Leeds alimuuliza kama ndiye dereva. Des akajibu ndiyo, kwa sababu maelezo yangekuwa marefu.

Hayo yote aliyachukua kwa kicheko. Lililomshinda ni Baba.

Unajua Des alivyokua kwenye bendi ya kiwanda, amekaa kando ya Baba tangu miguu yake haijafika sakafuni, wote wawili wamekumbatia yale matarumbeta makubwa ya besi. Mashindano ya Manchester yalikuwa Septemba, na Des akaondoka katikati ya mazoezi. Safu ya besi ikabaki Baba na mzee Harry Pilling, ambaye akipuliza kwa nguvu meno yake ya bandia hutaka kutangulia. Waliambulia nafasi ya pili kutoka mwisho.

Baba hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliacha tu kusema na Des tangu siku alipoondoka. Des akija nyumbani kupumzika, Baba humgeukia Mama na kusema, "Mwambie mpangaji wako chumvi iko mbele yake," na huku magoti yao yanagusana chini ya meza. Gitaa la besi analiita ubao uliochomekwa kwenye umeme. Alimwambia Harry Pilling, kwa sauti ya kutosha Des asikie, kwamba mtu asiyetoa pumzi yake hapigi muziki, anawasha taa.

Siku moja nilimkuta Des jikoni anaosha kikombe ambacho kilikwisha kuwa safi. Akaniambia anafikiria kurudi kwenye rangi. Kusimama nyuma hakumuumizi, alisema, kwani kwenye bendi pia besi hukaa nyuma. Lakini nyumba yenye kimya kile haiwezi. Nikamwambia angoje kidogo, maana akina Pargeter walikuwa wanakuja hapahapa kwetu Accrington, na huenda Baba akienda kumsikiliza moyo wake utalegea. Des akamwachia Baba tiketi juu ya meko, karibu na picha ya Stuart. Baba akaisoma mbele na nyuma, akasema ana mazoezi ya bendi.

Basi ikafika Jumamosi ya wiki jana. Baba alitoka na tarumbeta lake mgongoni na koti la bendi. Mimi na Mama tukaenda jumba kubwa la sinema, walikopiga akina Pargeter, kwa onyesho la saa kumi na mbili jioni. Mama alivaa kofia mpya, akakaa kama aliye kanisani, mkoba mapajani.

Kaka, sijui nikuelezeje zile kelele. Unaujua ukumbi wa mitambo ya kufuma pale kiwandani, yote ikienda kwa pamoja? Ule ni mnong'ono. Walipotoka tu akina Pargeter na yale makoti yao ya rangi ya krimu, wasichana walilipuka, na hawakunyamaza tena. Uliona midomo inaimba, usisikie kitu. Lakini mimi na Mama ni wafumaji, tumeishi kwa kusoma midomo kwenye kelele, kwa hiyo nadhani katika ukumbi mzima ni sisi wawili tu tuliojua kilichokuwa kinasemwa pale juu.

Walifika kwenye ule wimbo wa polepole, ambao sauti zao tatu hupandana kama ngazi. Hawakuweza kujisikia. Ronnie alipanda juu mno, Keith akashuka, na Lance akapotea kabisa. Mtoto wa watu ana miaka kumi na tisa. Nilimwona anageuka huku na huku, nikasoma midomo yake: "Niko wapi? Niko wapi?" Mwanzoni wasichana hawakutambua. Kisha wa mbele wakaanza kutazamana, kelele zikapungua kidogo, na vijana waliokaa ghorofani, waliokuja kwa ajili hiyo tu, wakaanza kupiga miluzi na kuzomea. Ronnie akayafumba macho.

Hapo ndipo Des alipouvuka mstari.

Hakukimbia. Alilisukuma spika lake kwa mguu mpaka likawatazama ndugu wale migongoni, akatembea mbele kadiri waya ulivyomruhusu, akasimama bega kwa bega na Lance. Akaacha kabisa kupiga ule muziki wake wa kawaida. Akashika nota moja tu, ya chini kabisa, akairudia na kuirudia, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Lance akamgeukia. Des ni mtoto wa mfumaji, anajua kuufungua mdomo usomeke. Akamwambia, "Miguuni. Sikiliza kwa miguu."

Zile mbao za jukwaa zilikuwa zinatetemeka. Lance akatazama viatu vyake, akapanua miguu kidogo, nikaona mabega yake yanashuka. Akafungua kinywa, akaipata sauti. Keith akamfuata Lance, na Ronnie, mwenye kiburi kuliko wote, akaja wa mwisho. Des hakuondoka kwenye nota ile mpaka wote watatu walipokuwa wamefika. Ndipo akaenda kwenye inayofuata, nao wakaenda naye, wakaumaliza wimbo mzima, na miluzi ya ghorofani ikafa yenyewe.

Mama alikuwa amenishika mkono, na alama za kucha zake ninazo. Lakini hakuwa anamtazama Des. Alikuwa anatazama pembeni mwa jukwaa, alikosimama Bwana Lomax, uso mwekundu kama nyama buchani. Sote wawili tulimsoma vizuri: "Umefukuzwa kazi." Des aliitikia kwa kichwa, akarudi nyuma ya mstari wa chaki, akapiga mpaka mwisho wa onyesho bila kukosea.

Tulipotoka tukazunguka hadi mlango wa nyuma, Mama analia na kofia imekwenda upande. Na katikati ya lile kundi la wasichana, nani amesimama? Baba, na tarumbeta mgongoni, wasichana wanamsukuma kama gunia. Mazoezi hayakufanyika, kwa sababu nusu ya wanabendi walikuwa sinema. Akapita njia ile, na bawabu, aliyewahi kufanya naye kazi, akamwacha asimame nyuma ya viti vya mwisho. Baba alisema alikuwa anajikinga mvua. Baadaye niliangalia juu ya meko, tiketi haikuwepo.

Des akatoka na mfuko wake wa pazia. Akatuona, akamwona Baba, akasimama. Akamwambia Mama kwamba kazi imekwisha. Mama akafungua kinywa kumjibu, lakini Baba akamtangulia, na nitakuandikia kama yalivyosemwa, kwa sababu ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu Julai.

"Nota ile ya chini uliishika ndefu mno," Baba alisema.

"Nilikuwa nawangoja," Des akasema.

"Najua ulikuwa unawangoja. Na mimi nilikuwa nawangoja pamoja nawe."

Kisha akaliweka tarumbeta chini kwenye maji ya mvua, yeye ambaye huwa halali mpaka amelifuta, akaingia ndani kumsaidia Des kutoa spika lake.

Walikuwa wamelishika huku na huku, wanashuka ngazi, Lance alipowafuata mbio bila koti. Nyuma yake Bwana Lomax, na nyuma yake mgeni mmoja mrefu mwenye uso uliochomwa na jua. Kumbe huyo mgeni ni wa kwenu, mwandaaji wa maonyesho wa Melbourne, alikuja kuamua kama awaite akina Pargeter au kundi jingine, na alikuwa amekaa viti vya mbele muda wote. Alikuwa anauliza jina la yule mtu mwenye suti ya kijivu. Bwana Lomax alisema ni mtu wa muda tu. Lance akasema kama ni wa muda basi na yeye ni wa muda, haendi popote. Ronnie akatokea mlangoni, na nilidhani atamkemea mdogo wake, lakini alisema kwa uchovu tu, "Lomax, mwache mtu wetu."

Ikawa hivyo. Usidhani mambo yamegeuka sana. Jina la Des halitaandikwa kwenye bango, na suti ni ile ile. Ila chaki imepigwa marufuku. Walipomuuliza kama atakwenda Australia, Des alimtazama Baba kwanza.

"Na bendi je?" akauliza.

"Tutamnunulia Pilling meno mengine," Baba akasema. "Nenda."

Tangu siku hiyo nyumba hii haikaliki kwa furaha. Baba na Des wanakula pamoja na kubishana kuhusu pumzi na umeme mpaka viazi vinapoa. Bi Entwistle ametangazia mtaa mzima kwamba yeye alikiona kiwiko kile mapema. Mama anaoka keki ya shayiri na tangawizi ya Des kukuletea, tayari ameoka mbili za majaribio, na katikati ya kukoroga unga husimama akalia. Nilipomuuliza kinachomliza akasema, "Wanangu wawili watakaa meza moja."

Kwa hiyo nendeni Melbourne mapema, mkate tiketi za viti vya upande wa kushoto, anakosimama Des. Watu wote watawatazama akina Pargeter. Ninyi mtazameni wa nyuma, na mumnyanyue Stuart amwone baba yake mdogo.

Shangazi Hilda anawasalimu, pia Harry Pilling na Bi Entwistle. Mbusu Beryl na mtoto kwa niaba yetu. Mungu awalinde ninyi mlio ng'ambo ya bahari, na amvushe salama huyu anayewajia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kuliko unavyostahili,

Noreen

Nilikuwa nailamba bahasha, Baba akauliza kama karatasi imebaki nafasi. Nimempa kalamu, natoka nje.

Cliff,
Noreen ameandika yote, mimi sina la kuongeza. Des akifika mlisheni nyama, amekonda. Nimemwambia akutazame vizuri, wewe na mtoto, kisha arudi anieleze mlivyo. Kwa hiyo siku hiyo usikae nyuma ya watu.
Baba