Pua ya Lori Lako Haipiti Getini Kwangu

Geti la Bluu,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumanne, 12 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Kifua chako je, baridi ya huko imekiachia? Sisi tu wazima. Mama magoti humsumbua asubuhi, lakini mdomo haujapata ugonjwa. Shemeji yako anakusalimu, na wapwa zako wamerefuka mpaka wananitazama kwa juu.

Barua yako na picha nimezipata. Nimesoma mara tatu, na mara zote tatu nimekasirika upya. Eti lori langu la Ulaya "limepigwa kofi usoni"? Eti lori la kiume ni la Kimarekani, lenye pua ndefu, na umeshanichagulia moja, Ijumaa unalilipia lipakiwe melini? Nani alikutuma, baba?

Mimi nilianza na mkokoteni. Nikaja pikapu, ndipo nikapata kichwa hiki bapa na tela lake. Kila hatua nilipima kwanza. Wewe umepima nini zaidi ya kung'aa kwa bomba la moshi?

Sikiliza hesabu. Huko kwenu Marekani wanapima tela tu. Pua iwe ndefu itakavyo, haimhusu mtu. Hapa wanapima gari zima, mdomo hadi mkia: mita kumi na saba, basi. Langu ni kumi na sita na nusu, kwa sababu dereva kakaa juu ya injini. Lako, ukilifungia tela langu, ni kumi na tisa na nusu. Hizo mbili na nusu nizikate wapi kama si kwenye tela, penye mzigo? Nabeba magodoro mia nne na themanini kwa safari. Nitabaki na mia tatu tisini na mawili. Yaani ili dereva mmoja apate kitanda na pua ya kuringia, magodoro themanini na manane yashuke! Kiwanda kinanipa kazi kwa kuwa oda yao naimaliza kwa safari moja. Nikishindwa, wataita mwingine, na hawatanililia.

Dereva wangu, yule tunayemwita Kobe kwa sababu hajawahi kugonga hata ndoo, aliiona picha akacheka: "Dada, hiyo pua itafika kabla yangu."

Jambo moja mmetushinda, sikatai. Ninyi mnafunua boneti, injini hiyo hapo. Sisi lazima tubinue kichwa kizima, na juzi chupa ya chai ya Kobe imemwagikia nyaya. Lakini nipoteze kiwanda kwa ajili ya chai?

Usije ukasema nina kisirani. Jumapili tulichukua futikamba na chokaa, tukalichora lori lako uani, ukubwa wake halisi. Mkia ukiwa ukutani, pua ilitoka getini ikaingia barabarani. Mama akaja na fimbo yake, akasimama ndani ya mchoro, nyuma ya usukani, akauliza hapa ni nini. Nikamwambia ni chumba cha dereva, kama hicho unacholala wewe huko: kitanda, jokofu, jiko dogo. Akakipima kwa hatua, tatu kwa mbili.

"Kumbe amejengewa nyumba barabarani," akasema. "Sasa atarudi kufanya nini?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipompata mwenyewe: si lori, ni wewe. Kichwa changu bapa hakina pa kunyooshea miguu. Ndiyo maana Kobe hulala kwake. Wewe huu mwaka wa kumi na moja hujalala kwenu.

Futa hiyo oda kabla ya Ijumaa. Nauli ya lori ikatie tiketi ya mtu.

Msalimie yule jirani anayekutunzia barua ukiwa safarini. Hapa wote wanakusalimu, hata Kobe. Mungu akulinde njiani, na akuonyeshe pa kugeuzia.

Chokaa ya pua imeshafutwa na magari ya barabarani. Ya chumba mama hataki ifagiwe, na Kobe akiingiza gari huikwepa.

Dada yako akupendaye na hasira zake,
Mwenye lori bapa