Chumvi ya Majivu

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki Meru na Mami. Figo zake zimechoka zaidi. Daktari amekataza chumvi ya duka. Mami amenuna njia nzima hadi nyumbani Kiirua. Anasema chakula bila chumvi ni cha mgonjwa. Ni mgonjwa. Sikumwambia.

Jumatano, 5 Machi
Tata Karimi, mama yangu mdogo, mdogo wake Mami, amekuja kutusaidia. Amechoma maganda ya ndizi na mabua ya maharagwe, akayachuja majivu kwa maji kwenye mkebe uliotobolewa, kama walivyofanya nyanya zetu. Maji hayo ndiyo chumvi yenyewe. "Hii haina makemikali ya duka," akasema. Mami amekula akaongezwa. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimefundisha kloridi ya potasiamu. Stoo ya shule haina kitu, kwa hiyo nilibeba chupa ya maji ya majivu ya Tata. Tukatia asidi ya hidrokloriki polepole mpaka povu likaisha, tukachemsha maji yakakauka. Fuwele nyeupe, zinayeyuka majini upesi. Kwenye moto, kupitia kioo cha bluu, mwale wa zambarau. Wasichana walipiga makofi. Nikajiona mwalimu kweli.

Jumapili, 9 Machi
Miguu ya Mami imelegea. Hakuenda kanisani. Nikasema ni uchovu.

Jumatatu, 10 Machi
Nilikuwa nafuta ubao. Majivu yale yamejaa potasiamu. Potasiamu hutolewa mwilini na figo. Figo za Mami hazitoi. Ikizidi, moyo husimama. Yote hayo nilikuwa nayajua, kila moja mahali pake, na sikuyaunganisha. Nilikimbia nyumbani na chaki mkononi. Tulimfikisha hospitali akiwa hai. Jioni hakuwa hai.

Daktari alinieleza mimi peke yangu. Alisema ni potasiamu.

Jumamosi, 15 Machi
Tumemzika. Mvua kidogo. Akina mama wa kanisa wanamsifu Tata, jinsi alivyompikia dadake. Nilitaka kupiga kelele. Hasira yangu si kwa Tata. Ni mimi niliyesomea haya mambo.

Jumanne, 18 Machi
Tata anarudi kwake kesho. Tulichambua maharagwe jikoni. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Lakini hizo siku za mwisho alikula vizuri, sindio?"

Nikamwambia alikula vizuri sana. Ni kweli.

Akashusha pumzi, akaendelea kuchambua. Hayo mengine nitabaki nayo mimi.