Lengalenga Zako za Kando ya Mfereji

Papa,

Katapila imepita juu ya lengalenga zako. Nakuambia mwanzoni kabisa, kwa sababu ulimchukia mtu anayezungukazunguka kabla ya kutoa habari mbaya. Sasa nikueleze.

Tangu tukuzike, hakuna mtu wa nyumbani aliyeshuka mferejini. Mama hataki hata kupita na gari darajani. Na Shangazi Vumilia, aliyekuja kutoka Houston kukaa nasi mpaka matanga yaondolewe, alisema wazi: "Alichopanda marehemu hakiguswi mpaka matanga yaishe. Hata jani moja." Unanijua, mbele ya watu wazima sauti yangu inabaki kooni.

Lakini Jumapili, kanisani, Baba Amani, mzee wa kanisa, alitangaza kwamba depo mpya, ghala kubwa la mizigo, itajengwa mpaka ukingoni mwa mfereji, na sisi tuliomaliza shule tuombe kazi mapema. Watu wakapiga makofi. Mimi nilifikiria matuta yako ya mchicha. Matanga yataondolewa mwezi ujao, na katapila haingojei matanga ya mtu.

Kesho yake nikatoka kwa mlango wa nyuma na mkasi, nikashuka pale tuliposhuka kila Jumamosi, wewe mbele na ndoo, mimi nyuma nikilalamika jua. Maji ni yale yale, machache, ya kijani, yanapita katikati ya saruji. Lakini vingine vyote, Papa! Pale kwa yule mzee wa matairi imebaki sakafu tupu. Kile kiwanda kilichokuwa kinanuka sabuni kimevunjwa, na mahali pake kuna ukuta mweupe usio na dirisha. Niliufuata mpaka nikadhani nimepotea. Ulipoisha, ukaanza mwingine. Yule ndege mweupe uliyemwita Pasta, kwa sababu ya kutembea polepole akitazama chini, bado yupo. Alikuwa amesimama juu ya toroli la dukani lililotupwa majini. Nilimsalimu kama ulivyokuwa unamsalimu, halafu nikalia.

Nilipofika, nusu ya matuta ilikuwa udongo mtupu. Dereva wa katapila alinipigia honi, akanipungia mkono niondoke. Sikuondoka. Nilisimama mbele ya kile chuma, na maneno hayakutoka, si ya Kiingereza wala ya Kiswahili. Nilinyoosha kidole tu. Akashuka, mzee wa Kimeksiko mwenye kofia ya majani. Akachuma jani, akalinusa, akasema jina la mboga hiyo kwa Kihispania. Sikulielewa, ila nilielewa aliposema "mamá" na kushika tumbo akicheka: mama yake pia aliipika. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. Akazima mashine, akaenda kivulini kufungua chakula chake, ingawa ilikuwa bado asubuhi.

Sikukata majani ya kupika. Nilikata vichwa vya mbegu tu, vyote nilivyoweza, nikavifunga katika shati lako la kazi. Nilipoondoka mzee aliinua kofia. Nikasikia mashine ikiwaka nyuma yangu. Sikugeuka.

Shangazi alikuwa mlangoni. "Weye mtoto! Umevuna shamba ya marehemu? Unataka kutuletea nini humu ndani?" Mama, ambaye hajasimama kwa ajili ya mtu yeyote tangu tukuzike, aliinuka kutoka kwenye godoro la msiba, akachukua lile shati mikononi mwangu. Akalifungua. Akavigusa vile vichwa vya mbegu.

"Hakuvuna, wifi yangu," alisema. "Alihamisha tu."

Halafu akafunika uso kwa shati lako, na mbegu zikamshika kwenye nywele. Shangazi aliondoka mlangoni, akatupisha. Ila kwenye sala ya jioni alinitaja mimi muda mrefu kuliko wagonjwa wote.

Papa, sijui kama zimekomaa. Ulikuwa unazisugua kiganjani, unapuliza, unasema, "Hii bado," au "Hii tayari," na mimi sikuwahi kukuuliza unaonaje. Nimezisugua. Baadhi ni nyeusi, zinang'aa. Nyingine ni za kahawia. Nilipopuliza, nyingi ziliruka zikaingia kwenye zulia. Nimezitafuta kwa magoti mpaka Mama akaniambia niache.

Siku ya kuondoa matanga watataka nisimame niseme neno juu yako. Sitaweza, nisamehe. Lakini watu wakishaondoka, nitashuka mferejini, nipite kuta zote nyeupe, mpaka kule ulikosema saruji inaisha na maji yanaingia mtoni. Hatukuwahi kufika. Hapo nitapanda nusu, na nusu nitapanda katika ndoo yako, hapa kwenye baraza. Mama amesema atakuja. Amesema tutapita kwa miguu chini ya daraja.

Lala sasa, pumzisha mgongo wako. Zisipoota, nitakuja kaburini kukuambia moja kwa moja, bila kuzungukazunguka.

Binti yako,
Faida