Nafula Amekonda

Ruiru, Jumamosi, Novemba 1956

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Vidole vimekunjamana kwa maji ya kuoshea kahawa, na mgongo hautaki kunyooka. Lakini leo sina ugomvi na mgongo.

Mama Nafula alipomleta mtoto wetu kutoka Bungoma kunitembelea, Nafula alikuwa na miaka sita na miguu kama vijiti. Baada ya wiki chache mashavu yakajaa. Kila akiamka, macho yalikuwa yamekaribia kufumba kwa unene. Watu wa laini, hizi nyumba za vibarua wa shamba, walinisifu. Jirani yetu, Mama Wanjiru, akasema, "Ai, Baba Nafula, huyu anakula posho yako na ya nyapara!" Nikacheka. Nikatembea kifua mbele, nikidhani ni shibe.

Yalikuwa maji.

Mama yake ndiye aliyeona mkojo umegeuka rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Tukampeleka hospitali, Thika. Daktari akataka damu ya mkono.

Nikakataa. Huku laini nilikuwa nimesikia habari za watu wanaonyonya wenzao damu wakaiuze, na nikaziamini, mimi niliyesoma mpaka darasa la nne. Nikamrudisha mtoto nyumbani. Siku mbili alitapika, kisha akawa analala tu, hata jina lake haitikii. Mke wangu alifunga nguo za mtoto kwenye leso, akasimama mlangoni akinitazama.

Tukarudi.

Dresa wa wadi, msaidizi wa daktari, mzee Mkikuyu, hakunitukana. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naosha kahawa.

"Basi unajua. Mfereji ukiziba, ute wa kahawa unaenda wapi?"

"Hauendi. Unabaki kwenye kahawa."

"Figo ndiyo mfereji wa mwili. Uchafu inaoshindwa kuutoa unabaki kwenye damu, na ndio tunaoupima. Damu yenyewe tuna haja nayo gani, bwana?"

Nikashika mkono wa Nafula mwenyewe wakati wa sindano.

Damu ilipelekwa Nairobi kupimwa. Jibu likaja: uchafu umezidi. Nikamuuliza dresa kama umezidi sana, maana aliposema kiasi chake nilikiona kidogo. Akatikisa kichwa. "Kwako wewe labda kingekuwa kidogo. Mtoto hapimwi kwa kipimo cha baba yake."

Wakamlaza. Mboga bila chumvi, maji kwa kikombe kidogo. Alinililia chumvi kila Jumapili nilipofika kwa baiskeli ya kuazima, na kila Jumapili niliondoka haraka nisije nikamletea.

Damu ya pili haikuonyesha nafuu. Wiki hiyo niliosha kahawa bila akili. Kahawa iliyotakata ukiisugua kiganjani hulia kama kokoto. Mimi niliianika ikiwa bado inateleza, nyapara akanisema mbele ya watu wote. Nilikuwa nikiwaza kama mtoto wangu atazikwa mbali na kwetu kwa sababu ya siku nilizomchelewesha.

Leo jibu la tatu limefika. Dresa alilisoma, akalisoma tena, halafu akanipa mkono.

"Mfereji umezibuka, Baba Nafula."

Amesema damu itapimwa tena mwezi ujao, kwa maana figo inaweza kuumwa, damu ikachelewa kusema. Nimemwambia achukue wakati wowote anaotaka.

Tumerudi laini jioni, Nafula akitembea kwa miguu yake, uso umerudi mdogo, mashavu yameingia ndani. Mama Wanjiru alikuwa bombani. Alipotuona aliweka debe chini.

"Uuui! Nafula, umekonda hivi! Kwani huko hawakukupa chakula?"

Mke wangu akaanza kucheka, kisha akalia, akashindwa kuchagua.

Ndiyo, mama, amekonda. Amekonda kabisa. Asante, Mungu. Na mtu akinisifia tena unene wa mtoto, nitauangalia mkojo kabla sijacheka.