Marahaba Isiyo Yangu

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, zikukute mzima wa mwili hata kama moyo bado haujatulia. Vipi mgongo? Mara ya mwisho ulisema umeuumiza ukimpandishia mtu jokofu ghorofani, na jinsi ninavyokujua, dawa utakuwa umeinunua ukaisahau mfukoni. Sisi huku tu wazima. Shangazi anakohoa kidogo kwa vumbi la kufagia nyumba baada ya wageni kuondoka. Mimi nimerudi kwenye cherehani juzi, maana sare za shule hazijui msiba, na wazazi wa wanafunzi wakidai nguo zao wanadai kweli.

Najua umenipigia simu tangu siku Shangazi alipokupa habari, na sijapokea hata moja. Usidhani nimekususa. Sababu nitakueleza, lakini niache nieleze kwa mpangilio wangu, maana nikianzia mwisho utaichana barua.

Bibi tumemzika vizuri, mdogo wangu. Watu walijaa mpaka barabarani, na nusu yao ni wale waliopita darasa la kwanza mikononi mwake. Tulipowaambia waingie kumuaga, wazee wazima wenye mvi walijipanga mstari bila kuambiwa na mtu, wafupi mbele. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Seremala aliyetengeneza jeneza alitueleza kwamba Mwalimu ndiye aliyemfundisha kushika penseli, na kwamba mpaka leo akipima mbao anaishika vilevile, kwa vidole vitatu. Shangazi akamwambia basi ndiyo maana jeneza limenyooka. Jamaa akaondoka akijifuta uso kwa shati.

Wengi waliniuliza kwa nini Bibi hakukubali kamwe kuwa mwalimu mkuu, na ofisi alipewa. Niliwajibu kama alivyokuwa akitujibu sisi, kwamba ofisini hakuna mtu asiyejua kusoma. Miaka yote ile, darasa la kwanza tu. Nadhani ndiyo maana hakujua kuongea polepole. Sauti iliyozoea kuwafikia watoto wa dawati la nyuma, akiiweka sebuleni, majirani wote wanajua leo kwetu tunakula nini. Akikuomba chumvi ni kama anaita mahudhurio. Ukimwambia apunguze, anapunguza neno moja, la pili linarudi palepale. Na wewe na kejeli zako ukawa unasema mimi nimerithi koo lake zima, sikuacha hata kipande. Mwenye duka akipigiwa simu nami anaanza kuniuliza habari za miguu inayovimba. Shangazi, mtoto wake wa kumzaa, alishawahi kunisimulia shida zake zote za ndoa akidhani anaongea na mama yake. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na siri yake nimeitunza mpaka leo.

Ninayakumbuka mengi siku hizi. Nakumbuka alivyokuwa akichonga penseli zetu kwa wembe, kagawanya wembe mmoja vipande viwili asipoteze. Nakumbuka hakutuchapa. Alikuwa anakuja tu, anasimama kando yako, kimya, mpaka mwenyewe unatafuta kosa ulilofanya. Wewe ulikuwa unasema heri fimbo. Nakumbuka pia alivyokuwa akikuangalia ulipokuwa unamfundisha mtoto wa jirani kuhesabu, na alivyomwambia Shangazi kwamba chaki yake imepata wa kuishika. Furaha yake ulipopata nafasi chuo cha ualimu nadhani hujaisahau. Nyumba nzima tulikoma kwa kelele zake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwanzoni mwa mwaka tulikuambia presha ilimpanda kidogo, akapumzishwa, akarudi nyumbani. Haikuwa kidogo. Ilikuwa kiharusi. Nilimkuta asubuhi ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mdomo umevutwa upande, kiatu kimoja mkononi, ananitazama kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua. Daktari alisema akili yake ni nzima, anasikia na anaelewa kila kitu, ila ulimi na upande wa kulia haviko naye tena, na haitarajiwi virudi. Kumbe ile sauti yote ilikuwa imekwisha usiku mmoja na sisi tumelala.

Nilimletea kibao na chaki ajaribu kwa mkono wa kushoto. Alijaribu. Herufi zikatoka zimelala, zimepandana, za mtoto wa siku ya kwanza. Alizitazama kwa muda, akazifuta zote kwa kiganja, akakisukuma kibao kikaanguka chini. Hakukigusa tena. Mwandiko ule hakutaka uonekane na mtu, hata mimi niliyekuwa namvalisha nguo.

Nilipomwambia nakupigia simu uje, alitikisa kichwa mpaka mto ukadondoka. Alikumbuka ulivyotuaga, kwamba siku ukisikia Bibi ameanguka utautupa mkataba na kurudi. Alijua umehangaika kiasi gani kuipata kazi hiyo ya kutengeneza majokofu. Nikaiweka simu, nikidhani tutakuambia taratibu.

Halafu Jumapili ukapiga. Nikapokea, nikasema haloo, nawe bila kungoja ukasema shikamoo Bibi. Mdogo wangu, shikamoo hujawahi kunipa tangu tuzaliwe, na nimekutangulia duniani, kwa hiyo nilijua si yangu. Nikamtazama Bibi. Akaweka kidole mdomoni, kisha akakinyoosha kwangu, ndivyo alivyokuwa akimwamuru mtoto asimame ajibu. Nikaitikia marahaba.

Tangu Jumapili ile, uliyekuwa ukiongea naye ni mimi.

Soma tena kama hujaelewa, kisha unikasirikie, ni haki yako. Lakini ujue pia kwamba hakuna siku uliyopiga na yeye hayupo. Niliweka simu kwenye spika, nikailaza kifuani kwake, na kila neno lako alilisikia. Alinifundisha kazi hiyo kama alivyofundisha kila kitu. Nikijibu vizuri anafumba macho. Nikijibu kivivu anagonga kitanda kwa kidole, narudia. Uliposimulia yule mteja wako aliyehifadhi viatu kwenye friji ya samaki, alicheka kwa nusu ya mdomo aliyobakiwa nayo mpaka nikaogopa atapaliwa. Wewe ulisikia mimi nikicheka. Zilikuwa siku zake nzuri, Jumapili. Tangu Jumamosi alitaka nimchane nywele.

Nakuja kwenye simu ya mwisho. Najua unaikumbuka. Ulimwambia kwamba chuo hakikukufukuza kwa karo kama ulivyotudanganya. Ulisema uliondoka mwenyewe. Kwamba siku ya mazoezi ya kufundisha ulisimama mbele ya watoto, wakakutazama, ukaweka chaki mezani na kutoka mlangoni, na hukurudi. Ulisema kila friji unayofungua unaona aibu hiyo, na kwamba huwezi kuendelea bila radhi yake.

Mimi nilikuwa namtazama yeye. Machozi yalikuwa yanamtoka upande mmoja, ule mzima. Hakufumba macho, hakugonga kitanda, hakufanya lolote. Nami nikakuogopea, nikaogopa kimya kile utakisikiaje. Sikumngoja. Nikasema kwa ile sauti yake kwamba nimekusamehe mjukuu wangu, radhi unayo, ishi kwa amani. Nikakusikia unalia.

Hapo Bibi akapiga kitanda kwa kiganja kizima. Hakuwahi kunipigia hivyo. Alinyoosha mkono akitaka simu, nikamsogezea mdomoni. Akavuta pumzi, shingo ikamkakamaa, akatoa sauti ndefu, nzito, isiyo na neno ndani yake, akanyamaza, akaanza tena kwa nguvu zaidi. Nawe ukasema Bibi sikusikii, laini inakoroma, nitapiga Jumapili ijayo. Ukakata. Yeye hakujua umekata. Aliendelea mpaka pumzi ikamwishia.

Nilikaa naye mpaka akatulia, nikamuuliza. Nilimuuliza kama nimekosea, kama hakutaka kukusamehe. Alitikisa kichwa, tena kwa hasira, kama nimemtukana. Nikamuuliza kama alitaka kukuambia mwenyewe, kwa mdomo wake. Akafumba macho, akanishika mkono, akaubana, na hakuuachia. Jumapili iliyofuata hakuifikia.

Hilo ndilo nililokuandikia. Maneno mazuri uliyoyapokea siku ile, ambayo Shangazi ananiambia unayarudia ukilia, ni yangu. Niliyasema kwa haraka na kwa woga, na Bibi hakuniagiza. Radhi yake ni ule mkoromo uliodhani ni laini mbovu. Aliutoa kwa kila alichobakiwa nacho, na ulikuwa wako. Kama umesahau ulivyosikika, mimi nimeusikia karibu, na nitakueleza kadiri nitakavyoweza.

Ndiyo maana sipokei simu. Nikisema haloo tu, utamsikia yeye, na mimi mwenyewe siku hizi nikimwita mteja dirishani nashtuka. Nimeona uyajue haya kwanza kwenye karatasi, ambako sauti haipo.

Shangazi anakusalimu sana, anasema ule, ulale, uache kujilaumu kwa kutokuwepo mazishini. Yeye aliyajua yote na alinikataza mara mbili nisijifanye Bibi, kwa hiyo ukimkasirikia yeye utakuwa unamwonea. Wasalimie wenzako wa karakana, hasa yule anayekupikia. Mgongo uukande kwa maji ya moto.

Siku utakapoweza kuivumilia sauti hii, nipigie. Nitakuwahi kujitaja jina kabla hujatoa shikamoo.

Ni mimi dada yako,
wa kwenye cherehani.