Nishani ya Wapasua Mawe

4 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu, na goti lake limetulia. Mgonjwa ni mimi: niliteleza kwenye ngazi za mahakama, mguu ukavunjika, na plasta imefika pajani.

Bila shaka umesikia kwamba serikali imenipa Nishani ya Utumishi wa Haki kwa ile kesi ya fidia ya wapasua mawe. Sherehe ni tarehe ishirini, na daktari kanikataza kutoka kitandani. Watu wa itifaki wanasema ndugu wa damu anaweza kunipokelea, na mimi ndugu wa damu ninaye mmoja tu. Nenda, Dada. Vaa ile suti yako nyeusi, si hiyo ya mahakamani iliyochakaa viwiko.

Mdogo wako

7 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole ya mguu. Mimi mzima, ingawa nilipofika kwenye neno nishani nusura niwashie jiko barua yako.

Kesi ile ni ya nani? Ni mimi niliyewapeleka wale wazee kupimwa mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka manesi wakadhani ni baba zangu. Siku ya hukumu Mama alikuwa anafanyiwa upasuaji, nikakuomba unishikie kesi asubuhi moja tu. Wakili anayemshikia mwenzake hutangulia kusema, "Nimesimama kwa niaba ya fulani." Hata mwanafunzi anajua. Wewe ulisimama ukasema, "Nipo, mheshimiwa." Karani akaandika jina la aliyemwona. Hukumu ikachapishwa hivyo, nawe mpaka leo umeufyata.

Na hizo nishani zao nazijua. Mwaka jana walimvika muuza matairi kwa utumishi wa haki. Haki gani? Alinunua mapazia ya mahakama! Tafuta mwingine wa kumpokelea mwizi.

Dada yako

10 Juni

Dada,

Shikamoo, hata kama umenuna. Huku hatujambo.

Mwizi si mimi. Jaji alikuwa na haraka, nikasahau sentensi moja. Sentensi moja, Dada! Serikali haiwezi kupita nyumba hadi nyumba ikiuliza nani alikesha na mafaili, inamtazama aliyesimama. Ungejitokeza ungepewa, lakini wewe siku zote unakaa pembeni na hasira zako ukingoja kubembelezwa. Kwani wapasua mawe hawakushinda? Walishinda. Sasa unalilia nini?

Asipotokea mtu wa kupokea, jina langu linafutwa. Mama ameshashona gauni la kukaa nalo mbele ya televisheni. Mwambie wewe kwamba hakuna sherehe.

Mdogo wako

12 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nitakwenda, kwa ajili ya gauni la Mama. Wewe usinishukuru.

Dada yako

21 Juni

Dada,

Shikamoo sina, wala hali yako siulizi.

Umeniumbua mbele ya nchi nzima! Nilikutuma kupokea, sikukutuma kuhutubia. Simu haijanyamaza tangu jana, na mawakili wenzangu wanacheka mpaka wanakata simu bila kuaga. Mama alizima televisheni, akaniuliza jambo moja tu: "Kumbe siku niliyopasuliwa ndiyo ilikuwa siku hiyo?" Hajanisemesha tena. Uji ananiletea, anauweka mezani, anaondoka.

Hukuweza kunivumilia hata siku yangu moja? Niletee nishani yangu, kisha usikanyage kwangu.

Mdogo wako

25 Juni

Mdogo wangu,

Salamu umeninyima, nami sidai. Mimi mzima, na nalala vizuri.

Sikuhutubia. Waliita jina lako, nikapanda jukwaani na suti yangu ya viwiko vilivyochakaa, nikasema: "Nimesimama kwa niaba ya mdogo wangu, ambaye siku ya hukumu alisimama kwa niaba yangu." Sentensi moja. Ile uliyoisahau.

Kisha wapasua mawe wawili, waliokuwa wamealikwa kupamba safu ya nyuma, wakaanza kupiga makofi huku wakikohoa. Mmoja alishindwa kuendelea, akakaa chini. Nililia, na sioni haya kukwambia.

Nishani iko hapa kwangu, juu ya kabati la vyombo. Siitaki; nyuma wamechonga jina lako. Plasta ikitoka, njoo uichukue. Ila uje mwenyewe, usitume mtu.

Dada yako