Neno la Kuomba Ulilolitia Alama

Albertville

Ndugu yangu Stefano,

Unisamehe. Tangu tukuzike sijakuandikia hata mstari mmoja, nami ndiye niliyekukaripia kila ulipochelewa kujibu barua. Niliona haya kuja kwako bila jibu la swali lako.

Unaikumbuka kamusi ya Kiingereza uliyoinunua Kigoma, ile tuliyoisoma kila Jumapili baada ya misa. Neno la mwisho ulilolitia alama kwa penseli ni "cadge". Kamusi ilisema tu: kuomba-omba vitu vidogo. Ukaniuliza, "Mwalimu, muntu wa kwanza kuitwa hivi alikuwa nani?" Nikaahidi kutafuta. Juma lile lile ukafa.

Jibu nimelipata katika kamusi kubwa ya padri mmoja. Kitenzi hicho kilizaliwa na jina "cadger", yaani mchuuzi. Zamani, huko kwa Waingereza, mtu wa kazi hiyo alizunguka na mizigo: alichukua siagi na mayai mashambani, akavipeleka mjini, akarudi na vitu vya dukani. Jina lenyewe lilitoka wapi, wataalamu hawana hakika. Wala kamusi haielezi kwa nini mchuuzi yule aligeuka mwombaji machoni pa watu. Lakini mimi nilifunga kitabu, nikabaki nimekaa, kwa maana nilikuwa nimemwona humo Adela.

Mkeo, Stefano. Miaka yote alipeleka ndagala, wale dagaa wa ziwani, huko Kirungu na kurudi na maharagwe. Nusu ya mji huu imekula alichobeba kichwani. Tangu vita vifunge njia, hana cha kubeba. Hukaa sokoni mbele ya meza tupu na kuomba: chumvi kidogo, kipande cha muhogo. Juzi muuza mafuta alimtania, "Mama Adela, leo unauza mikono?" Akamjibu, "Hii mikono njo ilikulisha, weye!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilifanya vibaya zaidi.

Kamati ya soko inaandika orodha ya wasio na kazi, ili warudishwe vijijini kwao. Karani ni mimi. Kwao Adela ni Kirungu, na njia ya Kirungu ndiyo hiyo yenye bunduki. Nilijua. Hata hivyo, mbele ya jina lake, kwa mwandiko ule ulioupenda, niliandika: ombaomba.

Jana nimelifuta. Unanijua, mimi sifuti. Karatasi imechanika, na kando ya mchaniko nimeandika: mchuuzi, njia yake imefungwa.

Wajumbe hawataridhika. Watakutana Alhamisi, nami itanibidi nisimame, mimi niliyewafukuza waombaji mlangoni pangu, niwaombe wamwache. Stefano, sijui kuomba. Sijawahi.

Nilikwenda kumwambia Adela yote, hata lile neno nililoliandika. Alipangusa ile meza isiyo na kitu. Kisha akasema, "Papa Mwalimu, unainama kidogo, unangoja. Usiangalie viatu vyao. Na usiseme maneno mingi."

Sikumsahihisha.

Pumzika, ndugu yangu. Kamusi yako ninaitunza, na alama yako ya penseli ipo. Kamati ikiisha kuamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, hata jibu likiwa baya.

Mwalimu wako